Pole kwa Kipa

Jina la Bwana Nisamehe nilipewa na mshonaji, mbele za watu, saa ya chai, naye mdomo umejaa mkate. Kabla ya hapo nilikuwa na jina langu zuri tu nililotoka nalo nyumbani. Baada ya hapo hakuna aliyelikumbuka.

Karakana yetu hutengeneza makochi na viti. Mimi niko mwisho wa kazi: seremala akishapiga fremu, springi zikishafungwa na sponji kugundishwa, mimi ndiye ninayevuta kitambaa mpaka kikae bila mkunjo hata mmoja, kisha nakibana kwa pini za bastola ya upepo. Naijua kazi hiyo. Niliifanya nyumbani kabla mjomba wangu, kaka wa mama, hajaniita nije kuishi naye katika nchi hii aliyohamia zamani. Kwa hiyo si kazi iliyoniletea lile jina. Nililetewa na adabu.

Kwetu mtu akijigonga unampa pole. Akijikwaa, pole. Akibeba mzigo, akinyeshewa, akiugua, akitoka kazini amechoka, pole. Humaanishi kwamba wewe ndiye uliyemsukuma. Unamjulisha tu kwamba umemwona. Sasa nilipofika hapa na kuanza kujifunza lugha yao, nikaitafuta pole yao kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa katika chumba kigeni. Haikuwepo. Kitu cha karibu nilichokishika ni neno lao la kuomba radhi, ambalo hapa nitaliandika kwa Kiswahili ili tusichoshane: nisamehe. Nikalichukua hilo hilo, nikaanza kulitumia.

Seremala alijipiga nyundo kidoleni, upande wa pili wa karakana. Nikamwambia nisamehe. Akaniangalia, akaiangalia nyundo, akaniangalia tena. Mpakiaji aligonga kichwa kwenye mlango wa gari la mizigo. Nisamehe. Fundi mkuu, mzee mpole ambaye miwani yake hukaa kwenye paji la uso zaidi ya machoni, alikuja asubuhi moja akasema hakulala, jino limemsumbua. Nisamehe, mzee.

Hapo ndipo mshonaji alipoingilia. Cherehani yake inatazamana na meza yangu, na yeye si mtu wa kuacha neno lipite hivi hivi bila kulipiga teke. Akameza nusu ya mkate, akauliza watu wote: huyu bwana amefanya nini usiku kucha ndani ya mdomo wa mzee?

Walicheka mpaka seremala akaegemea ukuta. Tangu hapo, kitambaa kikichelewa kuletwa, Bwana Nisamehe amekificha. Mvua ikianza wakati wa kwenda nyumbani, muulizeni Bwana Nisamehe. Umeme ukikatika walinigeukia wote kwa pamoja, gizani, bila hata kusemezana.

Mimi si mtu wa kuchekwa. Nyumbani nilikuwa naogopwa kidogo kwa ulimi wangu. Mtu akinichokoza nilimrudishia beti yenye vina na mizani, nilivyojifundisha mwenyewe bila mwalimu, na beti zangu zilikuwa zinamfuata mtu mpaka mlangoni kwao. Hapa nilikuwa kama fundi aliyenyang'anywa mkasi. Ningeweza kuwaeleza habari ya pole kwa maneno machache, hata kwa lugha yangu ya kuokoteza. Sikutaka. Niliona kwamba mtu anayejieleza mbele ya wanaomcheka anawaongezea kicheko tu. Nikanyamaza, nikawa nazipiga pini kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

Mechi ilitujia kwa njia ya viti. Timu ya mji ilituletea vile viti wanavyokalia wachezaji wa akiba kando ya uwanja, vimechanika na sponji inachungulia. Nikavivalisha upya, ngozi nyeusi ya bandia, mshono mara mbili. Walipokuja kuvichukua walifurahi, wakatuachia na tiketi za karakana nzima.

Kila mtu alishangilia ila mshonaji. Kipa wa timu ya mji ni mdogo wake wa mwisho, mtoto aliyemlea mwenyewe mama yao alipokuwa kazini. Kwa mechi kadhaa mfululizo kijana alikuwa amefungwa mabao ya kusikitisha, na kocha alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akifungwa bao jingine la aibu na timu ikashindwa, basi, atakwenda kukaa kwenye viti vyangu. Mshonaji alitueleza hayo huku akipitisha uzi kwenye sindano. Halafu, kama kawaida yake, akageuza huzuni ikawa mzaha, na mzaha ukanijia mimi. Akasema Bwana Nisamehe lazima aje, maana tukifungwa itakuwa vizuri kuwa na mtu wa kukiri kosa papo hapo.

Damu ikanipanda. Nikamwambia naweza kukaa mechi nzima, filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, bila neno hilo kunitoka. Akacheka. Akasema siwezi hata kupanda ngazi za uwanja. Basi tukawekeana dau mbele ya fundi mkuu. Nikishinda, jina la Nisamehe linazikwa, na wote wataniita Fundi, kama wanavyoitana wao kwa wao wanaoheshimiana. Nikishindwa, yeye atalitarizi neno Nisamehe kwa uzi mwekundu mgongoni mwa aproni yangu, nami nitalivaa mpaka aproni ichakae. Fundi mkuu alikubali kuwa mwamuzi. Shavu lake lilikuwa bado limevimba, kwa hiyo alikubali kwa kutikisa kichwa tu.

Nyumbani nilidhani mjomba atafurahi. Mjomba ni fundi wa lifti, mtu wa kukwea siku nzima na kurudi jioni akitaka kukaa tu mbele ya televisheni. Aliponisikia akauliza mechi ni kati ya nani na nani, na nilipomjibu akaweka kikombe chini. Timu ya wageni ndiyo anayochezea Mkasi. Mkasi ni mshambuliaji wa kutoka kwetu. Wamempa jina hilo kwa sababu ya namna anavyoruka na kuupiga mpira miguu ikipishana hewani. Mjomba hajawahi kumwona ana kwa ana, lakini humtaja kama anavyomtaja binamu aliyefanikiwa.

"Utakaa upande gani?" akaniuliza.

"Upande wa tiketi, mjomba."

"Tiketi ni karatasi. Damu je?"

"Damu imeshawekeana dau na mshonaji."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, mwili ukae huko, lakini moyo niuvushe uzio. Yeye mwenyewe asingeweza kuja kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kungoja simu za watu walionasa kwenye lifti. Angeangalia nyumbani. Alichoniomba ni kimoja: Mkasi akifunga, kwa vile sitaweza kushangilia mbele ya wenyeji wangu, angalau nikohoe.

Nikamwahidi kwamba nitakohoa.

Maisha yangu yote mpira niliusikia redioni au kuuona kwenye skrini. Uwanjani sikuwahi kuingia. Tulipita kwenye mlango wa chuma unaozunguka, ukanibana kiuno na kunitema upande wa pili, tukapanda ngazi za saruji zenye harufu ya rangi mpya, kisha ghafla ukuta ukaisha na nyasi zikawa mbele yetu. Sikujua kwamba kijani kinaweza kuwa na kelele. Nilisimama katikati ya njia mpaka mpakiaji akanisukuma kwa goti.

Viti vyetu vilikuwa nyuma ya goli, karibu kabisa, chini ya mpiga ngoma aliyevaa shuka la rangi za timu. Kwa mazoea nilipapasa kiti changu: plastiki tupu, kazi ya kuudhi. Lakini kule kando ya uwanja niliviona vile vyangu vyeusi, vimepangwa, vinang'aa, na nikajisikia kama mzazi siku ya mahafali. Mshonaji alikuwa akiviangalia pia, kwa jicho tofauti.

Filimbi ikalia, na mateso yangu yakaanza. Sijui kama viwanja vyote viko hivyo au Mungu alikuwa ananijaribu. Mzee aliyekaa mbele yangu alisimama, akagonga goti kwenye chuma, akalia kwa uchungu. Nikaling'ata neno. Mama mmoja alijimwagia chai ya moto kwenye sketi. Nikalimeza. Mpakiaji alijing'ata ulimi akitafuna karanga, akashika shavu, machozi yakamlengalenga huku akinitazama usoni. Nikatazama mawingu. Pembeni, mshonaji hakuwa anaangalia mpira hata kidogo. Alikuwa anaangalia midomo yangu kama mlinzi wa benki.

Jambo jingine lililonisumbua ni kwamba hakuna mtangazaji. Mpira unakwenda tu, watu wanakimbia, wala hakuna sauti ya kukwambia nani kampa nani. Ndiyo maana bao la kwanza la timu yetu lilinipita. Nilikuwa nimeinama kufunga kamba ya kiatu, jukwaa likalipuka, seremala akanikumbatia, nami nikainua kichwa na kungoja walirudie. Nilingoja kwa muda. Nikamwuliza fundi mkuu watalirudia lini. Mzee akashusha miwani kutoka kwenye paji, akanitazama vizuri, akanieleza kwa upole kwamba hapa likipita limepita.

Tulikwenda mapumziko tukiongoza. Mshonaji alikuwa amechangamka, akanigawia karanga, akasema ananipongeza lakini kipindi cha pili ndicho kirefu. Hakujua alivyosema kweli.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, na mdogo wake akaja kusimama mbele yetu kabisa. Kwenye televisheni kipa huonekana mtu mkubwa. Pale karibu alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio yaliyosimama, kama ya dada yake, na glavu zilizomzidi mikono. Alitugeukia mara moja. Dada yake akampungia mkono. Yeye hakupunga.

Mkasi alipata mpira mbali, akageuka, akapiga. Halikuwa shuti. Aliupiga vibaya, ukadundadunda kuja golini kama umetumwa dukani na hauna haraka. Kipa alipiga goti, akafungua mikono kuupokea. Mpira ukapita chini ya mikono, ukapita kati ya magoti, ukavuka mstari, ukasimama hapo hapo, haukufika hata kwenye nyavu.

Nilikohoa. Ahadi ni ahadi.

Lakini kikohozi hakikuniletea raha. Jukwaa lilinyamaza kidogo, kisha miluzi ikaanza. Mtu mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti kwamba viti vya akiba vimeshonwa upya, vinamngoja mwenyewe. Watu wakacheka. Kipa alikuwa amesimama mgongo kwetu, anavuta vidole vya glavu kimoja kimoja, mabega yameshuka. Nikamgeukia mshonaji nikitegemea atamjibu yule mtu, atamkata vipande viwili kwa ulimi wake. Hakujibu. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kidole cha pili, taratibu, kama anayesogeza kitambaa chini ya sindano. Yule mwanamke asiyekosa neno hakuwa na neno. Wala si yeye peke yake. Jukwaa zima, watu wote wale, kulikuwa na wanaopiga miluzi na kulikuwa na wanaonyamaza, na wale walionyamaza niliwaona wanatafuta kitu cha kusema na hawakioni.

Mimi nilikuwa nacho. Kilikuwa mdomoni tangu nilipoingia nchi hii.

Nikasimama. "Pole," nikasema, kwa Kiswahili. Halafu nikapaza sauti ili imfikie. "Pole, kaka. Pole sana."

Mshonaji akanishika mkono wa shati. "Umesema."

"Sikusema."

"Midomo imecheza. Nimeiona."

"Nimesema jingine. La kwetu."

Hapo tena sikuona haya wala sikuona hasira. Nikamweleza, nikiwa bado nimesimama, watu wa nyuma wakinipigia kelele nikae. Nikamwambia kwamba kuna neno la mtu aliyekosa, na kuna neno la mtu aliyeona mwenzake ameumia, na kwamba kwetu hayo ni maneno mawili, hayajuani hata kwa ukoo. Akaniuliza na siku ile ya kidole cha seremala. Nikamwambia ndivyo hivyo. Na jino la mzee? Hata jino la mzee.

"Kwa nini hukutuambia siku zote hizi?"

"Mlikuwa mnacheka."

Akamtazama fundi mkuu. Mzee akatoa hukumu kwamba dau ni la neno lao, na neno la kwetu halimo. Mshonaji hakubisha. Akaomba nimtamkie tena, polepole, akalirudia chini chini mara kadhaa kama anayejaribu kiatu. Kisha akapanda juu ya kiti chake, akakusanya viganja mdomoni na kumwita mdogo wake kwa sauti ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa akimwitia arudi kutoka kucheza: "Pole!"

Kipa akageuka. Neno halijui, sauti anaijua. Mabega yakapanda kidogo.

Seremala naye akasimama, akalitoa. Mpakiaji akafuata, ulimi wake bado una kidonda. Mzee wa goti akauliza maana yake nini, mshonaji akamweleza, yule akamweleza mama wa sketi, na maelezo yakapanda ngazi nyingi kuliko tulizopanda sisi. Yakamfikia mpiga ngoma.

Mtu yeyote anayejua mizani angeliona balaa likija. Ngoma ya yule bwana ilikuwa na mapigo manne. Pole ni mizani mbili. Mpiga ngoma alipiga mara ya kwanza, akaona nusu ya pigo imebaki uchi, akafanya ambacho hata mimi ningefanya: akalirudia neno hilo hilo kuijaza. Jukwaa likampokea. Po-le-po-le. Po-le-po-le. Safu baada ya safu, wanaume na wanawake, mikono juu, wakaiimbia timu inayotafuta bao la ushindi, dakika zinayoyoma, iende polepole.

Nikashika kichwa. Nikamvuta mshonaji, nikamwambia ni mara moja tu, neno ni moja. Alinisikia nusu. Akasema hivi linapendeza zaidi, akaendelea.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mjomba.

"Mpwa wangu, uko hapo?"

"Niko, mjomba."

"Televisheni inaimba polepole. Ni kweli, au nimeugua?"

"Ni kweli, mjomba."

"Nani amewafundisha?" Nikanyamaza. Akasubiri. "Basi usijibu," akasema. "Nimeshamjua." Akakata.

Katika uwanja ule, ukinitoa mimi, alikuwepo mtu mmoja tu aliyeelewa kinachoimbwa. Mara ya kwanza Mkasi alipopokea mpira upande wetu, aliusimamisha, akainua uso kutazama jukwaa, akanyang'anywa. Mara ya pili nilimwona anacheka peke yake, na beki aliyekuwa anamkaba akamtazama kama mtu aliyepanda basi moja na mwendawazimu. Lakini Mkasi ni Mkasi. Dakika za mwisho alimpita beki huyo huyo ndani ya eneo la hatari, beki akamvuta jezi, refa akanyoosha mkono. Penalti.

Mshonaji alishuka kwenye kiti. Alinishika kifundo cha mkono na kucha zikaingia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa: likiingia hilo, timu imeshindwa, na kijana anakwenda kwenye ngozi nyeusi ya bandia. Mpiga ngoma, badala ya kunyamaza, aliongeza nguvu. Po-le-po-le. Kijana akasimama kwenye mstari, anaruka ruka, glavu zimefunguka kama majani ya mgomba.

Mkasi aliweka mpira. Akarudi nyuma. Akaanza kuja, kwa kasi, mtu mwenye nia. Katikati ya njia ni kama aliyeshikwa ukosi. Hatua zikafupika. Zikawa za kunyata. Alipoufikia mpira alikuwa anakwenda kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga, na mguu wake ukausukuma mpira kwa namna hiyo hiyo, kwa upole wa kufunga mlango. Kipa hakuwa na haja ya kuruka. Alipiga goti pale pale alipo, akaulalia kwa mikono, kifua, magoti, kidevu, hakuacha tundu hata la sindano kupita.

Sitaeleza kelele. Nitasema tu kwamba mzee wa goti alinibusu kwenye paji la uso, na goti lake akalisahau.

Filimbi ya mwisho ilipulizwa kabla sijapata tena mkono wangu. Sare. Mshonaji alikuwa analia na kucheka, anampungia mdogo wake, na safari hii kijana alipunga, glavu zote mbili. Fundi mkuu alishusha miwani, akatamka mbele ya mashahidi kwamba dau limekwisha na nimeshinda.

Lakini Mkasi alikuwa anakuja upande wetu. Wenzake walishaelekea chumba cha kubadilishia nguo, yeye akavuka goli, akasimama kwenye uzio, jezi imevutwa bega moja. Akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu sokoni: "Mwenzangu yuko wapi hapo?"

Hawakuelewa neno, wakaelewa swali. Karakana nzima ilininyooshea kidole. Nikashuka ngazi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Unajua umenifanya nini?" Alikuwa bado anahema. "Mimi nimechota maji utoto mzima. Ndoo kichwani, na mama nyuma yangu: polepole, utamwaga. Kila siku. Leo nakwenda kupiga penalti, nasikia jukwaa zima limekuwa mama. Kichwa kinasema kimbia, miguu imeshatii."

Nilifungua mdomo. Pole ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na ilikuwa haki yake, maana alikuwa ameumia na mimi nimemwona. Lakini nikaisikia haitoshi. Pole unampa mtu ambaye hukumkosea. Vidole vya watu, meno ya watu, mvua na umeme, vyote hivyo nilikuwa nimeviombea radhi bila kuvigusa. Huyu nilikuwa nimemgusa. Mtu niliyekuja nimekula kiapo kwamba neno lile halitanitoka, nikasimama mbele yake nikiwa na kosa halisi, la kwangu mwenyewe, la kwanza tangu nifike.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Mkasi akanitazama, kisha akacheka kicheko kile kile nilichokiona kutoka mbali. "Nimekusamehe. Una mtu nyumbani wa kukusuta, au nikusute mimi?"

"Ninaye mjomba. Ananingoja."

"Msalimie. Na umpe pole."

Nilipopanda tena, mshonaji alitaka kujua nimemwambia nini yule mtu, mbona uso wangu umebadilika. Ningeweza kumdanganya. Kiswahili hakijui. Nikamwambia kwa lugha yao, neno lenyewe, wazi, kila silabi mahali pake: nimemwambia nisamehe. Seremala akaguna. Mpakiaji akamtazama mwamuzi. Fundi mkuu akanyoosha tu kidole kwenye uwanja uliobaki mtupu.

"Na amekusamehe?" mshonaji akauliza.

"Amenisamehe."

"Basi," akasema, akajifuta uso kwa mkono wa nguo. "Twende zetu, Fundi."

Mjomba alinifungulia mlango bila kuitikia salamu. Alinimiminia chai isiyo na sukari, akaketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Akasema aliniomba nikohoe. Nikamwambia nilikohoa. Akasema ndiyo, nilikohoa, kisha nikauambukiza mji mzima. Nikamfikishia salamu za Mkasi, na pole yake. Akaitafakari pole hiyo kwa muda, akauliza Mkasi alisema mjomba, au alisema mzee fulani tu. Nikamhakikishia kwamba alimkusudia yeye mjomba, kwa maana nilimtaja mimi kwanza. Akanyanyuka, akaleta sukari.

Siku ya kazi nilikuta aproni yangu imekunjwa juu ya meza, imefuliwa na kupigwa pasi. Mshonaji alijifanya anatafuta mkasi. Seremala alijifanya anapima mbao. Nikaikunjua. Mgongoni, kwa uzi mwekundu, kwa herufi nzuri kuliko zozote nilizowahi kuziona zikitoka kwenye cherehani ile, kulikuwa kumetariziwa: FUNDI POLEPOLE.

Akasema mdogo wake ndiye aliyechagua rangi. Akasema kijana anabaki golini, kocha amethibitisha, na kwamba yeye amelishona neno mara mbili kama walivyoliimba, ili lisipungue. Macho yake yalikuwa yananingoja. Nikaivaa, nikafunga kamba, nikamwambia asante dada, imenikaa vizuri.

Mjomba alipita mchana, akitoka kutengeneza lifti mtaa wa pili, kuniletea funguo nilizosahau. Alinikuta nimempa mgongo. Nilisikia sanduku la vifaa likiwekwa chini.

"Fundi," akaita kwa Kiswahili, kwa heshima zote, "kochi langu nikikuletea leo, ni wajukuu watakaolikalia?"

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Mshonaji akazima cherehani akauliza mjomba wangu anacheka nini. Nikamwambia nitamweleza saa ya chai, na safari hii nilikusudia kumweleza kweli, kila kitu, hata kama watacheka.

Kabla chai haijafika, seremala alijipiga nyundo kidoleni. Cherehani ikasimama. Bastola yangu ikasimama. Na kutoka pembe zote za karakana, fundi mkuu na jino lake, mpakiaji kutoka mlangoni, mshonaji kabla ya wote, wakamwambia kwa pamoja: polepole, seremala, polepole.

Ambalo, kwa mtu mwenye nyundo, lilikuwa ndilo neno haswa.